Ngao ya Jamii: kombe la siku moja, ubishi wa msimu mzima

Msimu wa 2021/22 tuzo ya mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara ilikwenda Geita. George Mpole wa Geita Gold alifunga magoli 17, Fiston Mayele wa Yanga akaishia na 16. Lakini Mayele alikuwa amefunga goli jingine mwanzoni kabisa mwa msimu huo, Septemba 25, 2021, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, dhidi ya Simba, katika Ngao ya Jamii, mechi inayofungua msimu. Goli hilo liliipa Yanga ushindi wa 1-0 na kombe juu yake. Kwenye orodha ya wafungaji wa ligi halikuwamo.

Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Agosti 13, 2022 Pape Sakho aliitanguliza Simba, Mayele akajibu kwa magoli mawili, Yanga ikashinda 2-1. Msimu ulipoisha Mayele aligawana ufungaji bora na Saido Ntibazonkiza, kila mmoja magoli 17. Yale mawili nayo hayakuongezwa. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba Mayele alidhulumiwa, hasa wakikumbuka kuwa Saido aliuanza msimu ule akiwa Geita Gold, akaumalizia Simba, na magoli ya Geita yakahesabiwa.

Hakuna aliyedhulumiwa. Magoli ya Saido yote yalifungwa kwenye ligi, na goli la ligi humfuata mchezaji hata akibadili jezi katikati ya msimu. Ya Mayele yalifungwa kwenye Ngao ya Jamii, na goli la Ngao halivuki kwenda kwenye ligi hata kama mfungaji, mpinzani na uwanja ni walewale. Chukua mwenye duka mwenye madaftari matatu: la mauzo, la madeni na la kikoba. Pesa zote zinapita mkononi mwake, lakini akiandika mchango wa kikoba kwenye daftari la mauzo atajiona ana faida ambayo haipo. Mabishano mengi tunayoyasikia kila Agosti na Septemba kuhusu Ngao, nani anastahili kucheza, dabi, yaani mechi za Simba na Yanga, zimekuwa ngapi, nani kamfunga nani mara ngapi, yanatoka hapo: watu wanasoma daftari moja na kujibu maswali ya jingine.

Ngao yenyewe ni nini

Kwa ufupi, ni mechi inayofungua msimu, ikimkutanisha bingwa wa Ligi Kuu na bingwa wa kombe la mtoano la msimu uliopita. Inasimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, na imekuwapo tangu 2001. Nchi nyingi zina mechi ya aina hii na huiita Super Cup. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, nalo lina yake, kati ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa Afrika na bingwa wa Kombe la Shirikisho Afrika. Sisi tulifuata mtindo wa Uingereza, ambako mechi hiyo ilianza 1908 na mapato yake yakawa yanakwenda kwenye misaada. Ndiyo maana wapenzi wa soka wa zamani bado wanaiita Ngao ya Hisani.

Kwanza, kuna jina linalowachanganya hata watu wanaofuatilia mpira kila siku, nalo ni "Shirikisho". Kombe la mtoano la ndani ya nchi lilirejeshwa msimu wa 2015/16 likiitwa Azam Sports Federation Cup, na sasa linaitwa CRDB Bank Federation Cup. Mitaani linaitwa FA, au Kombe la Shirikisho. Kombe la Shirikisho Afrika ni kitu kingine kabisa: ni la CAF, linachezwa na klabu za bara zima. Ukisikia mtu anasema "bingwa wa Shirikisho anaingia Ngao", anamaanisha lile la ndani. Klabu ikifika fainali ya Shirikisho la Afrika haipati chochote kwenye Ngao kwa sababu hiyo.

Pili, Ngao si bonanza. Simba ina Simba Day yake, ambayo kwa desturi ni Agosti 8, Yanga ina Wiki ya Mwananchi, na sherehe hizo hufanyika siku chache kabla ya Ngao. Huko klabu inaalika timu inayoitaka, inatambulisha kikosi kipya, inabadili wachezaji kumi kama ikipenda. Ngao ni mechi rasmi ya mashindano. Mchezaji asiyekamilisha usajili na kupewa leseni hachezi. Anayetoka nje ya nchi anahitaji Hati ya Uhamisho wa Kimataifa, ile ITC, ambayo lazima chama cha soka cha nchi anakotoka kiitoe kupitia mfumo wa FIFA, pamoja na vibali vya kuishi na kufanya kazi nchini. Hapo ndipo mambo hukwama: klabu ya zamani inadai malipo hayajakamilika, nyaraka zimechelewa kupandishwa kwenye mfumo, kibali hakijatoka. Shabiki aliyemwona winga mpya akipiga chenga Simba Day, kisha siku chache baadaye akamwona jukwaani amevaa suti, asiseme kocha hamtaki. Karatasi zake hazijakamilika.

Tatu, tiketi ya kuingia Ngao inapatikana kwa matokeo ya msimu uliopita, lakini mechi yenyewe ni ya msimu mpya na inachezwa na vikosi vya msimu mpya. Clatous Chama aliumaliza msimu wa 2023/24 akiwa Simba, na Ngao ya Agosti 2024 ilimkuta ni mchezaji wa Yanga. Fainali ya Ngao ya mwaka huo (ilichezwa na timu nne, tutafika huko) kati ya Yanga na Azam ilionyesha jambo hili pande zote mbili. Feisal Salum, aliyetoka Yanga, aliifungia Azam goli la kwanza. Prince Dube, aliyetoka Azam, akaisawazishia Yanga, na mwisho wake ukawa 4-1. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Haki ya kucheza Ngao ni ya klabu, haimfungi mchezaji aliyeisaidia klabu hiyo kuipata.

Nani anaingia, na kwa nini jibu limekuwa likibadilika

Sehemu hii ndiyo yenye utata wa kweli, na lawama ya utata huo haiwahusu mashabiki.

Hali ikiwa nyepesi, hakuna ubishi. Mwaka 2017 Yanga ilikuwa bingwa wa ligi na Simba bingwa wa FA, wakakutana. Mwaka 2018 Simba bingwa wa ligi, Mtibwa Sugar bingwa wa FA baada ya kuifunga Singida United 3-2, wakakutana CCM Kirumba, Mwanza, na Simba ikashinda 2-1. Mwaka 2019 Simba tena, safari hii na Azam iliyokuwa imeifunga Lipuli 1-0 kwenye fainali ya FA. Simba ikashinda 4-2.

Kabla ya hapo, kwa kuwa kombe la FA halikuwapo hadi 2015/16, bingwa wa ligi alicheza na mshindi wa pili. Kuanzia 2010 hadi 2015 ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Hiyo ndiyo sababu Azam ilicheza Ngao mara tano mfululizo, 2012 hadi 2016, bila kuwa na kombe la FA hata moja wakati huo: ilikuwa ya kwanza au ya pili kwenye ligi kila msimu, na mwaka 2016 ilikuwa ya pili kwenye ligi na pia ilipoteza fainali ya FA mbele ya Yanga iliyochukua vyote viwili.

Swali gumu linakuja hapo: timu moja ikibeba ligi na FA, mpinzani wake awe nani? Mshindi wa pili wa ligi, au aliyepoteza fainali ya FA? Mwaka 2016 na 2021 swali halikuonekana kwa sababu timu moja ilikuwa vyote viwili. Mwaka 2016 ilikuwa Azam. Mwaka 2021 ilikuwa Yanga, iliyomaliza ya pili nyuma ya Simba na kufungwa na Simba 1-0 kwenye fainali ya FA kule Kigoma.

Tazama sasa miaka ambayo njia ziligawanyika. Mwaka 2020 Simba ilibeba ligi na FA. Yanga ilikuwa ya pili kwenye ligi, Namungo ya Ruangwa ilikuwa imefungwa 2-1 kwenye fainali ya FA mjini Sumbawanga. Aliyekwenda Arusha kucheza Ngao na Simba ni Namungo. Mwaka 2022 Yanga ikabeba vyote. Simba ilikuwa ya pili kwenye ligi, Coastal Union ilikuwa imepoteza fainali ya FA kwa penalti baada ya sare ya 3-3, moja ya fainali kali kuwahi kuonekana nchini. Kwa mfano wa Namungo, Coastal ndiyo ingecheza. Aliyecheza ni Simba. Mwaka 2025 ikawa hivyohivyo: Yanga ilichukua ligi na FA, ikiifunga Singida Black Stars 2-0 kwenye fainali kule Zanzibar, na aliyeletwa kwenye Ngao ni Simba, mshindi wa pili wa ligi.

Hali ileile, majibu mawili tofauti. Anayesema "kanuni inasema mshindi wa pili wa ligi" ana mifano miwili. Anayesema "kanuni inasema aliyepoteza fainali" ana Namungo. Wote wanakumbuka sawasawa, na wataendelea kubishana hadi jibu liandikwe mara moja, lijulikane kabla mpira wa kwanza wa msimu haujapigwa, na lisiguswe.

Najua hoja ya wanaomtaka mshindi wa pili wa ligi. Amecheza mechi 30, wakati timu ya FA inaweza kufika fainali kwa mechi chache na bahati ya droo. Na dabi inajaza uwanja kuliko mechi nyingine yoyote nchini. Lakini naona hoja ya upande wa pili ina uzito zaidi. Ngao ni mechi ya kukutanisha mashindano mawili. Bingwa akiwa ameshaibeba bendera ya ligi, kiti cha pili ni cha kombe, na aliye karibu zaidi na kombe hilo ni yule aliyecheza fainali yake. Klabu kama Coastal au Singida Black Stars zinapata nafasi chache mno za kusimama kwenye jukwaa la namna hii, na FA ndiyo mlango mpana zaidi walio nao. Kuufunga baada ya wao kuufikia kunaipunguzia thamani fainali yenyewe.

Timu nne: 2023 na 2024

Kisha miaka miwili mfumo ukabadilika kabisa. Ngao ikawa ya timu nne, nusu fainali mbili, mechi ya mshindi wa tatu na fainali. Wengi walisema tumeiga Hispania, na ni kweli kwa sura tu. Hispania huchukua wawili wa kwanza kwenye ligi na wawili waliocheza fainali ya kombe. Sisi tulichukua wanne wa kwanza kwenye ligi, FA ikawekwa pembeni.

Upangaji ulikuwa wa kwanza dhidi ya wa tatu, wa pili dhidi ya wa nne. Mwaka 2023 kule Tanga, Uwanja wa Mkwakwani, Yanga ilicheza na Azam na kushinda 2-0, Simba ikacheza na Singida Fountain Gate, ikatoka 0-0 na kupita kwa penalti. Fainali ikawa dabi. Mwaka 2024 msimamo ulikuwa Yanga, Azam, Simba, Coastal Union. Kwa upangaji ule ule, Yanga wa kwanza akaangukia kwa Simba wa tatu, dabi ikachezwa Agosti 8 ikiwa nusu fainali, na Maxi Nzengeli akaipa Yanga ushindi wa 1-0. Siku hiyohiyo Azam iliifunga Coastal 5-2 kule New Amaan, Zanzibar. Watu walinong'ona kuwa ratiba imepikwa. Haikupikwa: ilikuwa hesabu ileile ya mwaka uliotangulia. Kama ingetumika ile iliyozoeleka kwenye mashindano mengi, wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu, Yanga ingecheza na Coastal, Simba na Azam, na watani wangeweza kukutana fainali tu.

Mwaka 2025 mfumo ukarudi kuwa wa timu mbili. Agosti nzima ilikuwa ya CHAN, michuano ya timu za taifa za Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, ambayo Tanzania iliandaa pamoja na Kenya na Uganda, kwa hiyo kalenda haikuwa na nafasi. Ngao ikasukumwa hadi Septemba 16, mechi moja, Pacome Zouzoua akafunga, Yanga 1-0 Simba.

Swali dogo linaloulizwa sana: mbona bingwa wa Zanzibar haalikwi? Kwa sababu Zanzibar ina shirikisho lake, ligi yake na wawakilishi wake kwenye mashindano ya klabu ya CAF. Ngao tunayoizungumzia ni ya Bara, hata inapochezwa Unguja. Wanawake pia wana Ngao yao tangu 2023, nayo inajitegemea.

Dakika 90, kisha penalti

Ngao haina dakika 30 za nyongeza. Sare ikibaki dakika 90 zikiisha, mechi inakwenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti. Sababu ni ya kimwili na ya kalenda. Wachezaji wametoka kwenye maandalizi, miili haijakomaa kwa dakika 120, na mechi za awali za CAF ziko mlangoni. Ngao ya 2025 ilichezwa Jumanne. Ijumaa ya wiki hiyo Yanga ilikuwa Luanda ikicheza na Wiliete, na Jumamosi Simba ilikuwa Botswana ikicheza na Gaborone United. Nusu saa ya ziada kwenye ratiba kama hiyo inalipwa kwa misuli ya mapaja.

Kati ya Ngao 16 za kuanzia 2010 hadi 2025, tano ziliamuliwa kwa penalti: 2010, 2015, 2016, 2017 na 2023. Ile ya 2015, Yanga na Azam, ilivuka mikwaju mitano mitano hadi ikaishia 8-7. Ya 2023 ilikuwa ya kipa mmoja: Ally Salim wa Simba alizuia mikwaju mitatu ya Yanga, Simba ikashinda 3-1.

Hapa kuna jambo la kulishika vizuri kwa sababu litatusaidia mbele. Kitakwimu, mechi iliyoamuliwa kwa penalti ni sare. Simba ilibeba kombe Agosti 13, 2023, lakini matokeo ya mechi yanaandikwa 0-0. Na mkwaju unaofungwa wakati huo hauongezi goli kwenye hesabu ya mpigaji, iwe ya Ngao au ya msimu mzima. Penalti ya ndani ya dakika 90 ni goli. Penalti ya kuamua mshindi ni njia tu ya kumpata wa kubeba kombe.

Ukishinda unapata nini

Unapata kombe, medali na fedha. Hupati pointi hata moja ya ligi, na hupati tiketi ya Afrika. Tiketi zinatoka kwenye ligi na FA: bingwa na mshindi wa pili wa ligi wanakwenda Ligi ya Mabingwa, nafasi mbili nyingine ni za Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa msimu wa 2025/26 Yanga na Simba zilikwenda Ligi ya Mabingwa, Azam na Singida Black Stars zikaenda Shirikisho. Hayo yote yalishaamuliwa miezi kadhaa kabla Pacome hajafunga lile goli la Septemba. Kama Simba ingeshinda siku ile, hakuna hata ndege moja ambayo ingebadili njia.

Je, ni taji halali la kuhesabu? Ndiyo, kabisa. Ila likae kwenye mstari wake. Yanga ilijihesabia makombe matano kwa msimu wa 2024/25: Ligi, FA, Ngao, Kombe la Muungano na Kombe la Toyota. Manne ya kwanza ni mashindano yanayosimamiwa na vyama vya soka. La Toyota lilikuwa mechi ya kirafiki ya mwaliko dhidi ya Kaizer Chiefs huko Bloemfontein, ambayo Yanga ilishinda 4-0. Kushangilia ruksa, na ushindi ule ulikuwa mtamu, lakini mtu akisema "mataji manne rasmi" hajaionea Yanga.

Dabi ngapi?

Baada ya Ngao ya 2025 mashabiki wa Yanga walikuwa na wimbo mmoja: sita mfululizo. Wa Simba wakajibu kwamba ni nne. Zihesabu. Novemba 5, 2023, ligi, 5-1. Aprili 20, 2024, ligi, 2-1. Agosti 8, 2024, Ngao, 1-0. Oktoba 19, 2024, ligi, 1-0. Juni 25, 2025, ligi, 2-0. Septemba 16, 2025, Ngao, 1-0. Kwa mashindano yote ni sita. Kwa ligi peke yake ni nne. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja ameuliza swali lake.

Na mara ya mwisho Simba kuifunga Yanga kabla ya mfululizo huo? Shabiki wa Simba atakwambia Agosti 2023, Tanga. Wa Yanga atasema Aprili 16, 2023, ile 2-0 ya ligi. Rudi kwenye suala la penalti. Kubeba kombe, Agosti. Kushinda mechi, Aprili. Ukimsikia mchambuzi anataja "rekodi ya dabi" bila kusema ni ya ligi au ya mashindano yote, na bila kusema penalti ameziweka wapi, namba yake haina kazi.

Kuna pia dhana kwamba Ngao maana yake ni dabi. Kwa Ngao hizo 16, watani wamekutana kwenye mechi ya mwisho mara saba: 2010, 2011, 2017, 2021, 2022, 2023 na 2025. Tisa zilizobaki zilikuwa na Azam, Mtibwa au Namungo upande mmoja. Azam pekee imefika mara saba na kushinda mara moja, ile ya 2016 mbele ya Yanga, 4-1 kwa penalti baada ya sare ya 2-2.

Je, Ngao inatabiri bingwa?

Imani hii ina mguu mmoja wa kusimamia. Kati ya Ngao 15 za 2010 hadi 2024, aliyeibeba alichukua pia ligi ya msimu huohuo mara 11. Simba ilifanya hivyo mara nne mfululizo kuanzia 2017. Zilizokataa ni nne. Mwaka 2012 Simba ilibeba Ngao, ligi ikachukuliwa na Yanga. Mwaka 2013 Yanga ilibeba Ngao, Azam ikachukua ligi bila kupoteza mechi. Mwaka 2016 na 2023 Ngao zilikwenda kwa Azam na Simba, ligi zote mbili zikabaki Jangwani, yaani kwa Yanga.

Mara 11 kati ya 15 inaonekana kama utabiri. Lakini angalia ni nani wamechukua ligi kwa misimu hiyo 15: Yanga, Simba, na Azam mara moja. Klabu tatu. Na wanaoingia Ngao karibu kila mara ni hao hao. Ukichagua kutoka kapu lenye majina mawili yenye nguvu utapatia mara nyingi, hata bila mechi. Dakika 90 za Agosti, timu moja ikiwa na wachezaji wapya sita wasiojuana, hazipimi kinachotokea kwenye mechi 30.

Hata kwa makocha Ngao si kinga. Romain Folz aliibeba na Yanga Septemba 16, 2025, na kabla Oktoba haijaisha hakuwa tena kocha wa Yanga. Fadlu Davids aliyefungwa siku ile aliondoka Simba kabla hata ya Septemba kuisha.

Uwanja na tiketi

Ngao haina uwanja wa kudumu. Benjamin Mkapa, ule wa Temeke wenye viti 60,000 uliofunguliwa 2007 na kupewa jina la Rais Mkapa Julai 2020, ndio unaoipata mara nyingi, na watangazaji huuita Lupaso kwa jina la kijiji alikozaliwa mzee huyo. Lakini Mwanza, Arusha, Tanga na Zanzibar wote wamewahi kuipata sehemu yake. Kuipeleka mikoani ni jambo jema, ila kila dabi inapotoka Temeke idadi ya watu wanaoweza kuingia inashuka sana, na foleni, bei za vyumba na tiketi za kulangua zinapanda. Anayepanga safari asingoje wiki ya mechi.

Kwenye ligi, dabi ina mwenyeji, na mapato ya mlangoni ni yake baada ya makato. Kwenye Ngao mwenyeji ni wa kwenye karatasi tu, kwa ajili ya jezi na vyumba vya kuvalia. Mechi ni ya TFF, na TFF ndiyo inayotangaza viingilio. Kwa hiyo tangazo la bei linalosambaa likiwa na nembo ya klabu peke yake, subiri kwanza uone la shirikisho.

Kwa Mkapa tiketi inakaa kwenye N-Card. Unapata kadi kwanza, kisha unalipia kwa simu ukitumia namba ya kadi hiyo na kuchagua eneo: Mzunguko ndio wa bei ya chini, halafu Machungwa, halafu VIP C, B na A. Getini unagusisha kadi kwenye mashine. Yanayoharibika ni yaleyale kila mwaka. Mtu ananunua mchana wa siku ya mechi, mtandao umezidiwa, pesa imekatwa na tiketi haijaingia kwenye kadi. Mwingine ana kadi moja na yuko na rafiki wawili, wakati kila anayepita mashine anahitaji yake. Mwingine amelipia eneo la upande wa watani bila kujua, akiwa na jezi yake mwilini. Nunua siku mbili kabla, hakikisha ujumbe wa uthibitisho umetaja eneo sahihi, na fika mapema: kwenye dabi Mzunguko hujaa saa nyingi kabla ya mpira kuanza, na ukishajaa, tiketi ya mkononi haikuhakikishii kiti unachokitaka.